Oke ya Kusikia, Oke ya Kununua

Shangazi yangu analima viazi mviringo upande wa Isyonje, mkoani Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya kupanda Kitulo na Makete. Miaka michache iliyopita alimtumia mnunuzi wake wa Dar es Salaam meseji fupi: "Viazi tunachimba kesho, magunia 40, Ijumaa napakia." Hazikupita dakika tano simu ikaita kwenye mfuko wa sweta. Jibu lilikuwa herufi mbili tu: "Ok."

Shangazi akachimba. Akatafuta vijana wa kufungasha, akanunua magunia na kamba, akalipa nusu ya gharama ya Fuso, na Ijumaa jioni mzigo ukateremka Uyole na kushika barabara kuu ya Dar, safari ya zaidi ya kilomita 800. Dereva alipofika mjini akampigia mnunuzi amwelekeze pa kushusha. Mnunuzi akashangaa, akampigia shangazi. "Mama, mimi nilikujibu kwamba meseji nimeiona. Sikusema lete." Viazi vikaishia mikononi mwa madalali, na mkulima yeyote wa huku anajua dalali anavyoupangia bei mzigo uliofika mjini bila mwenyewe.

Ile meseji niliisoma kwa macho yangu, na kwa muda mrefu nilimhesabu yule mnunuzi kuwa tapeli. Siku hizi sina uhakika tena. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kadiri ninavyozidi kulifundisha neno hili ndivyo ninavyozidi kuona kwamba inawezekana wote wawili walisema kweli. Shangazi alisoma "nimekubali". Mnunuzi aliandika "nimesikia". Neno lenyewe linabeba yote mawili, na mengine kadhaa, na sisi tumelipokea zima zima bila kulifungua tuone ndani kuna nini.

Tulifungue basi, tuanzie lilikozaliwa.

Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post, huko Marekani, lilichapa herufi "o.k." katikati ya habari ya utani, na papo hapo likaeleza maana yake: "all correct", yaani yote sahihi. Ukiwa na jicho la tahajia utaona kitu hakijakaa vizuri. "All" inaanza na A, "correct" inaanza na C. Hiyo O na hiyo K zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mchezo. Miaka hiyo waandishi wa magazeti ya Boston walishikwa na homa ya kufupisha maneno, na ili kunogesha waliyakosea kwanza kwa makusudi. "All correct" ikaandikwa "oll korrect", kisha ikakatwa ikabaki o.k. "All right" nayo iliandikwa "oll wright", ikawa o.w. Anayekumbuka vijana wetu walivyokuwa wakiandika "xaxa" badala ya sasa na "cjui" badala ya sijui ataelewa mara moja ule ulikuwa mchezo wa namna gani. Tofauti ni kwamba wale hawakuwa wakibana herufi ili meseji itoshe. Walikuwa wakichekeshana.

Vifupisho vingi vya mchezo ule vilikufa na homa yake. O.k. iliponea kwenye siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena urais. Alizaliwa katika mji wa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", kama sisi tungesema Mzee wa Kinderhook. Herufi za kwanza za jina hilo ni O na K. Wafuasi wakaunda vilabu vya O.K., wakazipaza herufi hizo mitaani na magazetini: mgombea wetu ni O.K., kila kitu sahihi. Wapinzani nao wakazigeuza. Wakaeneza hadithi kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na rafiki yake wa kisiasa, hakujua kuandika, hata alikuwa akiidhinisha nyaraka kwa "O.K." akidhani ndiyo tahajia ya "all correct". Uchaguzi Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini zile kelele za pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kulifikisha neno nchi nzima.

Kisha ikaja telegrafu. Laini ya Samuel Morse kati ya Washington na Baltimore ilifunguliwa mwaka 1844, na katika miaka iliyofuata nyaya zikasambaa pamoja na reli. Mpokeaji aliyekaa upande wa pili wa waya alihitaji alama fupi ya kumwambia mtumaji kwamba ujumbe umeingia salama, naye akatumia OK. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo viazi vya shangazi vilipoanza kuoza. Yule fundi wa telegrafu hakuwa akikubaliana na ujumbe. Pengine ulihusu ng'ombe, pengine deni, pengine msiba wa watu asiowajua. OK yake ilisema kitu kimoja: umefika, hauna herufi iliyopotea. Wakati huohuo karani ofisini aliandika O.K. pembeni ya hati akiwa na maana nyingine kabisa: nimeikagua, naipitisha, tekeleza. Neno moja lilifanya kazi mbili, moja ya kupokea na moja ya kuridhia, na hazijawahi kutenganishwa tangu siku hizo.

Habari hii ya Boston hatukuwa nayo siku zote. Ilichimbuliwa na Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha alichokipata mwaka 1963 na 1964. Kabla yake kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema asili ni "okeh" ya Wachoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani, na Rais Woodrow Wilson aliliamini hilo kiasi cha kuandika "okeh" kwenye nyaraka. Wengine walitaja Kigiriki. Mtaalamu David Dalby alipendekeza kwamba lilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, kutoka "waw kay" ya Kiwolofu cha Senegali. Pendekezo hili nililipenda sana niliposikia, na natamani lingekuwa na ushahidi wa maandishi kama ule wa Boston. Lakini karatasi ya 1839 ina tarehe, ina gazeti, na inaeleza maana yenyewe. Mimi nasimama nayo.

Sasa tuingie darasani.

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili nikiwaambia watunge sentensi kuhusu sherehe ya harusi, kila mwaka anapatikana mmoja atakayeandika "The food was OK", akiwa na maana chakula kilikuwa kitamu ajabu. Kwake oke ni jambo zuri. Mambo yakiwa oke yamenyooka. Lakini Mwingereza akisoma sentensi ile anaona huruma kwa mpishi. Neno hili likikaa nafasi ya sifa, maana yake ni kwamba kitu kinafaa, hakina kasoro ya kulalamikia, na hakina pia cha kusifia. Ni chakula kilicholika. Ukimwambia mama mkwe maneno hayo kwa Kiingereza kuhusu wali wake, umemwambia hajaunguza, basi. Najua ni vigumu kulikubali hili kwa sababu mzizi wake, "yote sahihi", unasikika kama sifa kubwa. Lakini fikiria karani anayekagua magunia kwenye mizani. Akisema sahihi hajakusifia mahindi yako. Amesema tu kwamba uzito umefika. Oke ya sifa ni oke ya karani huyo.

Ikikaa baada ya jina la mtu inageuka tena. "Are you OK?" ni swali la kumwuliza aliyejikwaa kwenye ngazi: hujaumia? Hapo hakuna wastani wowote, kuna usalama. Na "I'm OK" ni jibu la aliyesimama akapangusa magoti: sijaumia, niko salama.

Ila hiyohiyo "I'm OK" ndiyo iliyomhangaisha binti wa mama mdogo anayehudumu kwenye nyumba ya wageni Tukuyu. Wageni wanaokuja kupanda kwenda Ziwa Ngosi au kuona Daraja la Mungu hulala pale, na asubuhi huandaliwa chai ya Rungwe. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikunywa kikombe kimoja. Binti akasogea na birika, akauliza kama aongeze. Mgeni akatabasamu: "I'm OK." Binti akamimina. Mgeni akanywa kwa adabu. Birika likarudi, mgeni akaweka kiganja juu ya kikombe nusu-nusu, tabasamu lilelile: "I'm OK, thank you." Binti akasubiri kiganja kiondoke, akamimina. Alinisimulia jioni yake kwa uchungu, akiniuliza yule mama alikuwa na tatizo gani, kwa nini aliacha kikombe cha mwisho kimejaa hadi kikapoa.

Nilimwambia hakuwa na tatizo. "I'm OK" mbele ya chakula au kinywaji kinachotolewa ni kukataa. Maana yake ni nimetosheka, nilicho nacho kinanitosha, usijisumbue. Sisi tungesema "asante, nimeshiba" na birika lingeondoka. Mwingereza anakwepa kusema hapana usoni pa mtu aliyeshika birika, kwa hiyo anasema hali yake mwenyewe ni njema na kukuachia wewe umalizie. Adabu yao ndipo ilipolala, na sikio lisiloijua linasikia ndiyo mahali palipo na hapana. Binti akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo nimemnywesha kwa nguvu?" Tangu hapo akisikia "I'm OK" anatazama mkono wa mgeni kwanza.

Kuna OK ya kitendo na OK ya jina, na hizi nitazipita haraka kwa kuwa hazisumbui. Mkubwa wa kazi "akioke" jambo kwa Kiingereza ameliidhinisha. Ukisubiri OK yake unasubiri idhini. Huyu ni yule karani wa nyaraka, bado yuko kazini.

Inayosumbua zaidi, na inayotamkwa mara nyingi zaidi kuliko zote, ni oke ambayo haisemi chochote kuhusu kitu chochote. Mwalimu anaingia darasani: "OK, open your books." Hakuna aliyemwuliza swali, hakuna anachokubali. Ile oke ni mlango anaoufungua. Mwisho wa kipindi anasema "OK" tena huku akifunga kitabu, na wanafunzi wanajua mlango umefungwa. Katikati anamaliza maelezo na kuuliza "OK?", maana yake mko nami? Mwanafunzi akijieleza kwa nini amechelewa, mwalimu anaitikia "OK... OK..." kila baada ya sentensi. Mtoto mgeni na lugha anadhani anasamehewa. Hasamehewi. Anaambiwa tu kwamba anasikika, aendelee. Adhabu iko palepale.

Mdomoni tofauti hizi zote hubebwa na sauti. Oke ya kushuka inafunga. Oke ya kupanda inauliza. Oke ya kuvutwa, "okeeei", ina shaka ndani yake. Oke mbili za harakaharaka zinasema acha kunisumbua, nimeshasikia. Sauti ndiyo sarufi ya neno hili, na meseji haina sauti. Ukiliandika kwenye simu umelivua nguo zake zote na kumpelekea mwenzako mifupa, naye atalivika za kwake kulingana na anachotamani. Mkulima mwenye viazi vilivyokomaa anatamani kusikia ndiyo.

Wapo pia wanaolikata zaidi wakabakiza "k" moja. Kwa wasemaji wengi wa Kiingereza hiyo ni baridi, karibu na ukali, kama mtu aliyekujibu bila kuinua uso. Ukimwandikia mtu aliyekuandikia aya nzima, jua ndivyo anavyoweza kukusoma.

Sasa tulitazame kutoka upande wetu, maana hapa ndipo ninapoipenda lugha yetu. Kazi ambazo Mwingereza amempa mtu mmoja, Kiswahili kimewagawia watu kadhaa, na kila mmoja ana jembe lake.

"Enhe" ni ya kusikia tu. Unamwambia anayesimulia kwamba niko hapa, endelea. Hakuna mahakama itakayosema mtu aliyeitikia enhe amekubali kununua ng'ombe. "Haya" ina mwili unaoinuka ndani yake. Mtoto anaambiwa kachote maji, anajibu haya, na kabla neno halijaisha ameshashika ndoo, au walau anapaswa kuwa ameshaishika. Ndiyo maana haya pia inaanzisha mambo: haya, tuondoke. "Sawa" kwa asili ni ya kulingana. Tumeipata kutoka Kiarabu, na bado tunaitumia hivyo kwenye hesabu na kwenye mizani: kilo hii ni sawa na ile. Anayekujibu sawa anasema neno lako na nia yangu vimekaa usawa mmoja. "Basi" inafunga. "Poa" ni ya vijana, kitu kilichopoa, hakiunguzi, hakina mgogoro. Na "nimekusoma", ambayo utaisikia kutoka kwa makonda na bodaboda wa Mwanjelwa siku nzima, ni risiti kamili: ulichosema nimekielewa, nitakachofanya ni shauri langu.

Jaribu kuyaweka kwenye meseji ya shangazi uone. "Viazi tunachimba kesho, magunia 40, Ijumaa napakia." Mnunuzi angejibu "Enhe", shangazi angeuliza enhe nini, na mazungumzo yangeendelea. Angejibu "Nimeona meseji", shangazi angepiga simu. Angejibu "Haya", angekuwa ameinuka naye. Angejibu "Sawa, pakia", tungekuwa na mashahidi. Angejibu "Basi", shangazi angeweka jembe chini na kuuliza kuna nini. Maneno matano, njia tano. "Ok" ilizichanganya zote, na kila mmoja akashika yake.

Sisemi kwamba sawa haina hila. Inazo. "Sawa" inayotoka kwa mtu aliyeshindwa hoja ni nyingine, na ukiipachika "tu" au "bwana" nyuma yake imegeuka kabisa. "Sawa tu" ni ya aliyeumia akaamua kunyamaza. "Sawa bwana" ya mke kwa mume saa nne usiku haina kukubali hata tone. Lakini angalau hizo tumezaliwa nazo, tunazijua harufu. Oke tumeipokea ukubwani.

Nani hajawahi kusikia mtu wa huku anavyoaga kwenye simu? "Haya. Sawa basi. Haya, msalimie mama. Enhe. Haya, oke. Sawa, haya." Nimemsikiliza shangazi mara nyingi hivyo, simu begani, mikono ikimenya viazi. Kila neno linafunga kamba moja: hili la ujumbe, hili la makubaliano, hili la salamu, na la mwisho la kuruhusu mkono ubonyeze. Oke imeingia humo na kupata kiti chake kati ya haya na sawa, na humo haidhuru mtu, kwa sababu imezungukwa na nduguze wanaoifasiri. Madhara huanza inapotumwa peke yake.

Huku kwetu inapata pia nguvu kwa sababu tuko njiani. Barabara kuu na reli ya TAZARA zinapita Mbeya kuelekea Zambia, Tunduma malori yanapanga foleni, na Kasumulu unavuka daraja la Songwe uko Malawi, ambako ukikubaliana na mtu bei atakwambia "chabwino", yaani ni vyema. Dereva wa Lusaka na muuza mchele wa Kyela wanaweza wasiwe na lugha moja ya kutosha kumaliza biashara, lakini wote wana oke. Mara nyingi ndilo neno la kwanza wanalokutana nalo katikati. Ni msaada mkubwa, na ni hatari ileile, kwa kuwa kila mmoja anaitamka na lugha ya nyumbani kwake ikiwa nyuma yake.

Vidole navyo vimeingizwa humu. Kidole gumba na cha shahada vikiunda duara, wengi duniani watasoma OK. Nchini Brazili ishara hiyo ni tusi, Japani inaweza kumaanisha fedha. Mpiga mbizi chini ya maji huitumia kusema niko salama, wala hawezi kutumia dole gumba, maana kwake dole la juu ni agizo la kupanda kwenda juu.

Kwenye mashine OK iliingia kwa mkasa. Wahandisi wa Apple walipokuwa wakitengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It", fanya. Walipowaita watu wa kawaida kuijaribu, baadhi walikuwa wakigoma kukibonyeza. Mmoja aliyeulizwa sababu alisema amechoshwa na programu inayomwita mjinga. Herufi I ya "It" ilionekana kama l, na maneno mawili yakasomeka kama moja, "dolt", ambalo ni tusi la mtu mpumbavu. Kitufe kikabadilishwa kuwa OK, na tangu hapo kimetapakaa. Simu yako ukiiweka Kiswahili mahali pake pameandikwa "Sawa", na jirani yake ni "Ghairi". Aliyetafsiri alikuwa na bahati: kwenye kitufe chenye Ghairi pembeni hakuna oke ya kusikia. Ukibonyeza umeridhia, hela imekwenda.

Nirudi kwenye viazi, kwa njia ya mbali kidogo. Huko Saskatchewan, jimbo la wakulima nchini Kanada, kampuni ya kununua nafaka ilimpigia mkulima simu mwaka 2021, kisha ikamtumia picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani, ikimwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa alama ya dole gumba, ile ya kwenye simu. Muda wa kupeleka mzigo ukafika, kitani hakikuja, na bei sokoni ilikuwa imepanda. Mahakamani mkulima akasema dole lile lilimaanisha nimeupata mkataba, sikumaanisha nimeukubali. Ni maneno ya mnunuzi wa shangazi, neno kwa neno, ila safari hii yametoka kinywani mwa mwenye mzigo.

Jaji hakuishia kwenye kamusi. Alitazama walivyokuwa wakifanya biashara miaka ya nyuma. Kampuni ilikuwa ikituma mkataba kwa njia hiyohiyo, mkulima anajibu kwa neno fupi, "ok" likiwemo, na mzigo unapelekwa bila mzozo. Kwa mazoea hayo, jaji akaamua mwaka 2023 kwamba dole lilikuwa saini, na mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2024.

Nilipoisoma kesi hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye meseji za zamani za shangazi na yule mnunuzi. Kweli ilikuwa imo. Msimu uliotangulia alimwandikia "Jumanne napakia 30", akajibiwa "Ok", mzigo ukaenda na ukalipwa. Msimu wa kabla yake vilevile. Shangazi hakuwa mjinga wa kusoma anachotamani. Alikuwa akisoma walivyozoeana. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ukubali uwe kamili na usio na masharti, na sijui wakili angefika wapi na zile herufi mbili. Shangazi hakwenda kwa wakili. Magunia 40 ya viazi hayasubiri tarehe ya kesi. Lakini nilimwomba radhi, kwa sababu siku ile nilimwambia, mimi mwalimu wa Kiingereza, kwamba angeuliza vizuri.

Siku hizi anauliza. Juzi nilikuwa nimekaa naye jikoni wakati meseji ya mnunuzi mwingine ilipoingia: "Ok." Akanipa simu nimwandikie, mikono yake ina udongo. Akanitajia maneno yenyewe, nami nikayaandika kama alivyosema: "Baba, hiyo ni oke ya kusikia au oke ya kununua?"

Tulikaa kama robo saa. Jibu likaja: "Ya kununua mama. Ila pakia 25, siyo 40. Advansi natuma jioni."

Saa moja usiku hela ikaingia. Shangazi akaisoma meseji ya muamala mara mbili, akanawa mikono, akamwita kijana wa magunia.